Mnara Juu ya Ghala Jekundu

Jumatatu, 2 Julai
Tumetoka saa mbili, bendera juu. Daftari hili la mashua alikuwa anaandika Majken, mke wangu. Alikufa mwaka juzi, sasa naandika mimi. Mkono mzito kama kasia. Basi.
Gunnel, binti yangu, kaja nami. Anasema yuko likizo. Uongo — kaja kunichunga. Eti tangu mama yake afe nimepandisha mashua mwambani mara mbili. Kugusa tu! Miaka hamsini kabla ya hapo, hata mara moja. Tumepatana: nikigusa tena, ufunguo nampa yeye na mashua inauzwa. Nilikubali papo hapo. Ziwa Vänern lote liko kichwani mwangu. Ramani ni ya watalii.

Jumatano, 4 Julai
Upepo hakuna. Kisiwa jana, kisiwa leo. Gunnel anataka kuogelea, kulala juani. Mimi siwezi kukaa. Nikikaa naliona benchi la mbele, tupu. Nimefungua kamba kabla kahawa haijachemka. Kanuna. Kauliza nakimbia nini, na ziwa lina ukingo pande zote.
Pale gatini Folke, jirani wa mashua, alinitania kwamba siku hizi natembea na askari. Nikasema huyu baharia wangu. Gunnel akasema baharia gani hapewi hata kahawa. Wakacheka wote wawili.

Alhamisi, 5 Julai
Mvua. Viazi vipya, samaki wa moshi. Tumelala hapahapa. Nimezunguka sitaha mara arobaini.

Ijumaa, 6 Julai
Tuko juu ya mwamba.
Kuingia ghuba ya kanisa njia ni moja: weka mnara wa kanisa juu ya ghala jekundu, yaani kwa macho vilingane mstari mmoja, kisha nenda moja kwa moja. Kanifundisha baba yangu. Nimeweka. Sawasawa kabisa! Mara krrr — kahawa mpaka kwenye kofia.
Gunnel hakupiga kelele. Alitazama ufukwe kwanza.
"Baba, umeweka mnara juu ya ghala lipi?"
"Jekundu."
"Yapo matatu, Baba."
Nani nchi hii hapaki ghala lake rangi nyekundu? Nikasema mengine wameyajenga juzi. Akasema yote yamemzidi umri.
Hapo nikakumbuka. Kila mwaka, tukifika hapa, Majken pale mbele na soksi anazofuma: "La kushoto, Verner. La kushoto." Nilidhani anapiga soga tu.
Mashua haivuji. Gunnel anasema tungoje meli ya mizigo ipite, mawimbi yake yatatuinua. Ufunguo nimeuweka kwenye benchi, katikati yetu. Hajaugusa.
Meli ile kule, inakuja. Nimemwambia aende akae mbele, pale pa mama yake.
Anauliza ya nini.
Namwonyesha kwa kidole ghala la kushoto.