Mama Alipoenda Bungeni

Dada mpendwa,

Huku tunasukuma siku. Paa limezibwa, na mjomba amepona mguu ila bado anadeka.

Jana nilimpeleka Mama bungeni. Mbunge wetu aliuliza mdogo wetu alikufaje mikononi mwa polisi. Waziri akajibu kwamba aliugua ghafla mahabusu, na kwamba serikali inatoa pole.

Mama akanigeukia. "Wewe ndiye uliyemwosha. Yalikuwa maradhi?"

Unajua tulivyomficha ukweli. Safari hii ulimi ulikataa.

"Hapana, Mama. Alipigwa."

Akainuka palepale kwenye viti vya wageni, akasema bila kupaza sauti, "Mheshimiwa, mwanangu hakuugua."

Askari wakamshika mkono kumtoa. Tukiwa mlangoni nikamsikia Spika akimwambia waziri aendelee, kisha Bunge likaendelea na swali la madaraja.

Nje Mama alitaka kujua kila jeraha. Nikamweleza yote, tumesimama juani, naye akijigusa mwilini kila nilipopataja. Hakulia.

Ukipiga simu atakuuliza kama na wewe ulijua. Usimdanganye, dada. Ameshadanganywa na serikali nzima.

Ni mimi,
kaka yako