Lenzi ya Baba, Kidole cha Mama

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie popote zitakapokukuta, kazini au kitandani. U hali gani? Wifi hajambo? Na wale wanangu, baridi ya huko bado inawakohoza? Mimi mwili mzima, ila moyo umechoka, na leo sitakuficha.

Kamera uliyotuma imefika salama, pamoja na kile kipete cha kuungia lenzi ya marehemu baba. Kamera yake ya mkanda ilikufa zamani, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lenzi niliikuta kabatini ndani ya soksi yake ya kijivu, kioo safi, hakina hata ukungu.

Nilipoifunga, kamera ikakataa kupiga. Ikaandika eti haina lenzi! Nami lenzi naiona kwa macho yangu, nzito kama jiwe la kusagia. Nikaipeleka kwa mtengeneza simu wa hapa mtaani, akabonyezabonyeza, ikakubali. Akaniambia, "Dada, hizi mpya haziwatambui wazee. Mpaka uzilazimishe." Nilicheka pale dukani. Njiani kicheko kikaniishia.

Maana mama naye hatutambui tena, Kaka. Kwenye simu nilikuwa nakupunguzia. Mimi ananiita muuguzi, siku nyingine mgeni. Nikilitaja jina lako anatabasamu kwa adabu tu, kama anayesalimiwa na mpita njia. Inaniuma sana.

Uliomba picha yake nzuri. Kwanza nilijaribu lenzi mpya, ile inayojitafutia yenyewe pa kulenga. Picha ikatoka kali, hata kope unaweza kuzihesabu, lakini mama amekaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Basi nikaweka ya baba. Nikamkalisha dirishani, kwenye stuli ya wateja tuliyoihamisha kutoka studio ya picha ya baba, nikazungusha ile pete yenye namba, ile inayolia tik, tik, tik.

Mama akanyoosha mgongo. Akavuta mtandio ukakaa sawa. Kisha akainua mkono, akaweka kidole chini ya jicho.

Wewe uliyeshinda nao studioni unajua maana yake. Mimi ilinichukua muda kukumbuka. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaja, mama alikaa pale na kidole chini ya jicho ili baba apate pa kulenga. Baba akiridhika, alisema neno lake, kidole kikashuka, picha ikapigwa.

"Fundi, unaniona?" akaniuliza. Fundi, ndivyo alivyomwita baba, na kwa sauti ileile ya kumchokoza. Nikajibu ninamwona. Nikazungusha polepole pete ya pili, ya kulengea, mpaka mikunjo ya kidole ikakaa wazi kabisa, nikapiga moja kwa kujaribu, nikangoja akishushe.

Hakushusha. Nikasema tayari. Nikasema basi. Nikasema asante, mama. Kidole kikabaki palepale, macho yananingoja. Hilo neno silijui, Kaka. Nyinyi mlikuwa mkifunga mlango, mimi naambiwa nikacheze nje; nilichungulia tu dirishani, sauti haikunifikia.

Mwishowe nikamshika mkono, nikaushusha mwenyewe. Akanitazama.

"Kumbe si wewe," akasema. Halafu akauliza kama chakula kimeiva.

Picha iliyomo kwenye bahasha ndiyo ile ya kujaribu. Ni nzuri, mwanga umemkaa usoni kama alivyopenda baba, lakini kidole kingali juu.

Najua ukimaliza kusoma utataka kupiga simu unitajie hilo neno. Nakuomba usinitajie. Kila mwaka unasema utakuja mwakani, na daktari hana la kuniambia kuhusu mwakani. Lenzi nimeiacha kwenye kamera, na stuli bado iko dirishani.

Mama mdogo anakusalimu, anasema miguu inamsumbua lakini mdomo bado mzima. Mjomba naye anakusalimu, na jirani yetu mshonaji anauliza kama umenenepa. Wabusu wifi na watoto kwa niaba yangu.

Mungu akufungulie njia, akufikishe mama angali anainua kidole. Njoo umwambie akishushe.

Wako akupendaye na anayekungoja mlangoni,
Kitindamimba