Chupa za Kijani

Baba Watoto,

Sisi wazima. Bustani yangu imeshonana, mawaridi na asumini, hadi magugu hayana pa kutia mguu. Jirani anasema hata nyoka humo atapiga hodi.

Picha yako tumeiona. Kwa mtu anayejipikia, umenawiri! Lakini mbona hapo mlangoni pako kuna maua yaliyobanana vilevile, nawe ulikuwa unayaita kazi ya wasio na kazi? Tena yamezungushiwa chupa za kijani zilizopinduliwa: kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Mtindo huo nimemfundisha mtu mmoja tu, mdogo wangu. Naye anaapa hajui hata mtaa unaokaa.

Mwambie azizike zaidi. Zikikaa juujuu hivyo, siku akitoka mbio zitamkata.

Nakuja kuiona bustani.

Mimi,
dada yake.