Siku Kumi na Mbili Chumbani kwa Bi Mkubwa

Mpendwa Bi Mkubwa,

Nimepita! Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nakujua, ukifungua barua hii utaruka mistari ukilitafuta. Nimepita, jina langu limo, na leo asubuhi nimejiandikisha chuoni hapa Pemba yetu ya Msumbiji. Sasa pokea salamu. Mimi mzima. Shafi mzima, ameota meno mawili ya juu na anamng'ata kila anayembeba. Mama anaendeleaje na mguu? Tangu uvuke Ruvuma kwenda kumuuguza, simu yako haipatikani, nimepiga mpaka nimechoka. Barua hii nampa mwuza vitenge mmoja anayekwenda Mtwara, na ameapa atakufikishia mkononi.

Nimekaa sakafuni kwa mama yangu mdogo, Shafi kalala pembeni, na mwandiko wangu unakwenda upogo kwa furaha. Nivumilie.

Unakumbuka tulivyoanza mimi na wewe? Mume wetu alinileta Olumbi, uani kwako, baada ya nyumba yangu ya Mocímboa kuungua. Nilikuwa na kapulana mbili, vitenge vya kujifunga tu, na cheti cha darasa la kumi na mbili nilichotoka nacho kifuani. Ulinipa chumba cha nyuma, mkeka na sufuria, halafu miezi ikapita huniongeleshi. Ulikuwa unaongea na kuku. "Nyie kuku, leo zamu ya maji ni ya nani?" Nami nikawajibu kuku haohao, "Nyie kuku, maji yameshachotwa tangu alfajiri." Mume wetu wiki tatu yuko lindoni Afungi kwenye mradi wa gesi, wiki moja yuko nyumbani, hakujua kabisa kwamba wake zake wanapelekeana habari kwa kuku. Hata Shafi alipozaliwa ulikuja, ukamwogesha, ukanipikia uji wa pilipili manga, na yote hayo uliyafanya bila kunitazama usoni.

Kisha likaja lile tangazo. Nilikuwa nimempeleka Shafi kupimwa uzito, nikaliona limebandikwa ukutani kwenye kituo cha afya: mtihani wa kuingia chuo, kozi ya ukunga, masomo mawili, Kireno na Biolojia. Nililinakili nyuma ya kadi ya Shafi. Binamu yangu wa Pemba akaniandikisha siku ya mwisho kabisa, nami nikakaa kimya nalo. Zilibaki siku kumi na tisa. Kitabu cha Biolojia niliazima kwa mwalimu jirani, hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Lakini kitabu bila muda kina faida gani? Alfajiri natwanga mchele wa vitumbua, kisha maji, kisha shamba la mihogo, kisha kuni, na Shafi yuko titini. Siku tano zikapita nimesoma kurasa nne, na moja kati ya hizo niliisoma mara mbili kwa sababu ya usingizi.

Siku ya tano ukanikuta jikoni nimesimama na ile kadi, vitumbua vinaungua mbele yangu. Ukaninyang'anya. Kireno hukijui, lakini ulimaliza darasa la saba kwenu Tanzania na herufi hazikushindi. Ukaanza kuyasoma yale maneno kama Kiswahili, silabi kwa silabi, ukakwama kwenye x, ukairuka, ukaendelea. Ulipomaliza ukanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Hiki nini?"

"Mtihani, Bi Mkubwa. Wa kusomea ukunga."

"Lini?"

"Zimebaki siku kumi na nne."

"Na umesoma?"

"Sijasoma."

Ukaepua kikaango, ukafikiri kidogo. "Kesho ukishaswali adhuhuri, ingia chumbani kwangu. Usitoke mpaka alasiri. Shafi niachie. Vitumbua niachie, maana hivi unavyochoma hakuna atakayekula."

Sasa niungame, Bi Mkubwa. Sikukuamini. Nilidhani unanitafutia njia ya kuniondoa, na kwa vile tulikuwa tumeshaanza kusema, nikasema. "Unataka niende zangu Pemba ubaki na mume."

Ulicheka mpaka ukashika kiuno. "Mume? Ninaye mwaka wa kumi na nane huu, nimeshamzoea mpaka basi. Sikiliza wewe. Mkunga wa hapa akienda likizo, tunajifungua na nani? Binti zangu wawili karibu wanaolewa. Nataka mkunga wa nyumbani, ninayeweza kumgombeza."

Kesho yake nikaingia chumbani kwako. Muda wote ule tulioishi pamoja sikuwahi kuvuka kizingiti chako. Nilijua rangi ya pazia tu. Ndani kulinukia udi na karafuu, sanduku lako la bati liko chini ya dirisha, ukaniambia nilifanye meza. Halafu nikasikia mlango unafungwa, na kufuli linalia nje.

"Bi Mkubwa! Umenifungia?"

"Mlango wenye kufuli haugongwi," ukajibu. "Soma."

Siku kumi na mbili ulinifungia, kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Sijapata kusoma namna ile maishani mwangu. Nilikuwa nasikia Shafi akilia, nikainuka, nikasikia sauti yako ikimbembeleza, nikakaa tena. Nikishindwa jambo nalirudia, kwa sababu nitakwenda wapi?

Na ile siku aliyokuja mama mkwe wetu! Alikaa barazani chini ya dirisha lilelile, nami ndani nimeshika ukurasa wa moyo na mishipa yake, siwezi hata kuufunua usije ukatoa mlio.

"Bi mdogo yuko wapi?" akauliza.

"Katoka, mama. Kaenda kituo cha afya."

"Kituo cha afya bila mtoto?"

"Anaumwa yeye."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo."

Nikamsikia mkwe anashusha sauti. "Asije akawa na mimba nyingine huyo."

Nawe, Bi Mkubwa, bila aibu yoyote, ukajibu, "Labda."

Niliuma kapulana yangu nisicheke. Siku tatu mfululizo akaniletea ukwaju, nami nikaula wote, kwa heshima.

Lakini kilichonisaidia kuliko kufuli ni ule muda wa jioni, wewe unachekecha unga, mimi nachambua mboga. "Haya, leo umesoma nini?" Nikianza kwa Kireno unanikata. "Usinieleze Kireno. Nieleze mimi nielewe. Nisipoelewa mimi, na wewe hujaelewa." Nilikueleza figo mara tatu, unatikisa kichwa tu. Mara ya nne ukasema, "Kumbe ni kifumbu! Tui linapita, machicha yanabaki." Na mimi ndipo nilipoelewa, palepale, baada ya siku nzima ya kukariri. Tulipofika kwenye kuzaa ukanigeuzia kibao. Kitabu kilikuwa na mistari michache kuhusu kondo la nyuma. Wewe umezaa watano na umeshikilia wenzako wengi wakizaa, ukanieleza linavyoachia lenyewe na kwa nini halivutwi kwa pupa, mpaka nikaandika maneno yako pembeni mwa kitabu cha mwalimu. Nilimwomba radhi wakati wa kukirudisha. Akasema atayaacha.

Jambo moja lilikuwa bado: mume wetu. Hakujua lolote. Alifika kutoka Afungi siku moja kabla ya safari yangu, kabeba mfuko wa machungwa na uso unameremeta. Kwa neno lake moja tu kila kitu kingevunjika. Tulipotenga chakula akanisogezea machungwa.

"Mama kanipigia simu," akasema. "Kanambia habari njema. Mbona hamkuniambia wenyewe?"

Nikakutazama. Wewe ulikuwa unamega muhogo bila haraka.

"Hana mimba," ukamwambia. "Ana mtihani."

"Ana nini?"

"Mtihani. Wa ukunga, Pemba. Kesho anaondoka."

Akashusha tonge. "Na Shafi?"

"Shafi ana mama wawili."

Alikula tonge moja, akala la pili, akanywa maji, na kila alichofanya nilikiona kinachukua mwaka. Mwishowe akafuta mdomo. "Gari la Pemba linapita saa ngapi?"

Ulininyanyulia nyusi tu, ukaendelea kula. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikarukaruka kama mtoto.

Habari za mtihani wenyewe nilikupa kwa harakaharaka niliporudi, kwa sababu siku ya tatu tu ukaitwa Mtwara kwa mama. Kuna jambo sikukuambia kwa haya. Katikati ya Biolojia maziwa yalinitoka. Siku mbili sikuwa nimemnyonyesha Shafi, na blauzi yote ikalowa mbele ya vijana wa miaka kumi na minane. Mama mmoja msimamizi aliona, akafungua kapulana yake ya juu, akanitupia begani bila kusema neno. Nikajifunga, nikaendelea. Swali la figo lilikuwepo! Nililijibu kwanza kimoyomoyo kwa Kiswahili, kama nakueleza wewe, ndipo nikaliandika kwa Kireno. Niliandika mpaka kidole cha kati kikachimbika.

Majibu yalipotoka, binamu yangu alipiga picha ile karatasi ya ukutani akanitumia. Nilikuwa nimetoka kuchota maji. Nilikuza picha, nikashuka na kidole jina kwa jina, nikaliona langu, na mbele yake neno moja, admitida, yaani amekubaliwa. Ndoo niliiachia hapohapo. Nilikimbilia mlangoni kwako nikupe habari, nikakuta kufuli, na safari hii hukuwepo kabisa. Nililia kidogo, Bi Mkubwa, huku nacheka. Mkwe, aliyekuja kukaa nasi tangu uondoke, akatoka kuuliza kuna nini, nikamweleza yote, na mimba ile isiyokuwepo pia. Alininunia mpaka kesho yake. Kesho yake akanishonea mkoba wa vitabu.

Ndiyo maana leo nimekuandikia siku hiihii, sikutaka ipite. Mezani kwa karani kulikuwa na fomu, na fomu ilitaka jina la mtu anayesimamia masomo yangu. Nikaandika jina lako, na la baba yako, kwa herufi kubwa. Karani, mama wa makamo mwenye miwani, akalisoma.

"Ni mama yako?"

"Hapana."

"Dada?"

"Hapana."

"Shangazi?"

"Hapana."

Akavua miwani. "Basi ni nani wako?"

Nilikuwa na foleni nzima nyuma yangu. Nikasema kwa sauti, "Mke mwenzangu."

Msichana wa nyuma akaguna. Karani akanitazama kana kwamba ninamfanyia mzaha. "Mke mwenzako ndiye anayekusomesha?"

"Ndiye."

"Kwa Kireno nitaandikaje hilo?"

"Mimi pia sijui, mama. Andika hivyohivyo."

Alifikiri, akavaa miwani, akaandika. Niliinama nione kwa macho yangu. Kwenye fomu za wenzangu pameandikwa baba au mama, kwa Kireno kizuri. Kwenye yangu pameandikwa kwa Kiswahili, kwa wino wa buluu: mke mwenza. Kisha akagonga muhuri.

Masomo yanaanza Jumatatu. Mpe mama pole yangu, mkandie mguu wake kwa niaba yangu, na ukimaliza huko pitia hapa kwanza. Mke mwenzako huyu wa kwenye fomu anataka kukuona.

Ni mimi,
Bi Mdogo wako