Yaya, Wanataka Zile Ngumu

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Kaa chini kwanza, maana mimi mwenyewe nimeshindwa kukaa. Nimepewa dirisha! Dirisha la kuuzia chakula, pembeni mwa duka la Aunty, yule mama wa Kihindi anayeuza mkate uliojazwa mchuzi karibu na stendi ya taxi hapa Isipingo, nje ya Durban. Ndani kuna jiko la gesi na maji ya bomba. Ile meza yetu ya kando ya barabara, na ule mwavuli uliotutoroka kila upepo ukivuma, basi tena.

Unakumbuka siku yetu ya kwanza, mwaka 2011? Ulikaanga viazi mara mbili, kama tulivyozoea kwetu Uvira: mara ya kwanza viive, vipoe kidogo, halafu mara ya pili vikauke hadi vilie mdomoni. Dereva mmoja akanunua, akatafuna, akarudi amekunja uso.

“Eish, mama, hapana. Hizi haziko sawa.”

Kwetu frites, chipsi zetu, zina kosa moja tu, kulegea. Kwa hiyo hukuuliza kitu. Ulimpokonya ule mfuko ukazirudisha kwenye mafuta mara ya tatu! Nilitaka kukuvuta kitenge, nikaogopa macho yako. Alipouma tena, mlio ulisikika hadi kwenye foleni ya taxi zinazokwenda Durban mjini, na foleni nzima ikaangua kicheko. Kumbe masikini alitaka laini, zile wanazozifunga kwenye karatasi zingali moto, zimelowa siki, hadi zinalala zenyewe.

Na hiyo siki! Ulipomwona anaimwaga juu ya kazi yako, ulimfokea kwa Kiswahili kana kwamba anakielewa: “We baba, unaharibu chakula ya batu!” Yeye akatabasamu, akaongeza.

Tulijifunza, ndiyo. Beseni moja la laini kwa wenyeji, jingine la ngumu kwa watu wetu waliokuja Jumapili baada ya ibada. Wakongo waliomba pilipili na mayonezi, Warundi wakalalamika kwamba frites bila mishikaki ni mazoezi ya taya tu, na wote wakala hadi chumvi ya chini. Nilikuwa na furaha sana siku zile, Yaya. Sijui kama niliwahi kukuambia.

Halafu Mama akaugua, ukarudi nyumbani kumuuguza. Pale kwenye basi uliniambia, “Batu ya huku habanitake, mimi na frites yangu.” Neno hilo, kwamba hawakutaki, limenikaa kifuani muda wote huu, na leo ndiyo nimepata jibu lake.

Jumamosi Aunty alinijaribu. Alisema nipike chakula cha mchana cha madereva kwenye dirisha lile, nikiweza atanipa. Nikajaza trei mbili, moja ya laini na moja ndogo ya ngumu, hiyo ya pili kwa sababu ya kukukumbuka tu. Wa kwanza akachungulia, akaruka zile laini. “Nipe zile ngumu za dada yako.” Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akauliza umekwenda wapi! Trei yako iliisha ya kwanza, nikawa namenya viazi huku nacheka kama kichaa. Wanazimwagia siki, hilo sitakuficha. Nimeonja. Usinune, Yaya, ni tamu! Nje zinalia, ndani zina uchachu, na mtu hawezi kuacha.

Walikutaka. Wewe ndiye uliyeondoka kabla hawajajua kulisema.

Aunty akaja na ufunguo mkononi. “Hapa mchana mtu mmoja hawezi,” akasema. “Dirisha ni la watu wawili, la sivyo nampa mwingine. Uko na nani?”

Nikamjibu kabla sijafikiri: “Dada yangu iko njiani.”

Akanipa ufunguo. Najua sikukuuliza. Lakini wewe mwenyewe umesema Mama sasa anakwenda sokoni peke yake na kutwa anakugombeza, basi amepona. Mwombe baraka, funga mzigo, uje. Nimekukumbuka hadi natamani unifokee.

Nimeshasema uko njiani, Yaya. Usinifanye mwongo.

Mdogo wako, mwenye mafuta hadi kwenye nywele