Mlinzi Niliyemlaza

Laini Saba, Kibera
11 Agosti 1974

Kwa Mama, mzazi wa marehemu Nafula,

Pokea salamu zangu kwa heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu umepungua uvimbe. Sisi huku tuko salama. Nekesa anakula, na kikohozi kimemwacha. Kazi ya useremala ipo. Wiki hii tunatengeneza vitanda.

Najua si desturi yetu mkwe kumwandikia mama mkwe moja kwa moja. Hata njiani ningekupisha nikiwa nimeinama. Lakini jambo hili sina mwingine wa kumwuliza, nami naona haya kuliko siku nilipokuja kwenu mara ya kwanza.

Nafula alikuwa akimsimulia Nekesa kila jioni hadithi ya mji ulio juu ya mlima, na roho anayeulinda. Roho huyo amejifunga ukungu kama shuka. Maadui wakipanda, anaufungua ukungu ule na kuufunika mji wote, wasione hata lango. Hayo tu ndiyo ninayoyajua, nayo niliyasikia kupitia dirishani. Mimi nilikuwa nje nacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nafula aliniita, "Baba Nekesa, ingia usikie," nami nikamjibu, "Namalizia huu."

Jumapili iliyopita mtoto aliniomba nimsimulie. Nilianza vizuri. Nilipofika mwisho wa ninayoyajua, nikasema roho alichoka, akalala. Nilitaka tu naye alale.

Akaketi kitandani. "Si hivyo, baba. Huyo halali."

"Leo amelala kidogo."

"Sasa nani anachunga mji? Na mama ako huko?"

Ndipo nilipojua, kwa kumwuliza mtoto. Alipokuwa mgonjwa, Nafula alimwambia mtoto kwamba anakwenda kukaa katika mji ule, asimwogopee, kwa sababu mlinzi wake hajawahi kufumba macho.

Nikajaribu kurekebisha, nikasema ameamka. Akanitazama kwa upole, kama mama yake alivyonitazama nikivunja kikombe. "Wewe huijui, baba. Wewe ulikuwa nje."

Tangu hapo, kila jioni anaketi kwenye kigoda mlangoni, amejifunga leso ya mama yake, anaangalia juu. Nikimwita anasema anachunga kwanza. Jana jirani yetu Mama Akinyi alinitania, "Fundi, watu unawatengenezea vitanda, na wako umemnyima usingizi." Wapangaji wote wa ploti wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaingia ndani nikakaa peke yangu.

Mama, Nafula aliniambia hadithi hiyo aliipata kwako. Naomba unieleze yote, hasa huyo roho anafanya nini ili asishikwe na usingizi. Shemeji Wafula akuandikie kama unavyosema, asifupishe. Na kama hadithi haisemi, basi mwambie mjukuu wako kwa maneno yako mwenyewe kwamba mlinzi yuko macho. Wewe atakuamini.

Nisalimie Baba, shemeji Wafula, na yule shangazi aliyemwuguza Nafula mwishoni. Mkipita kaburini kwake, msimwambie nilivyoiharibu hadithi yake. Mnisalimie tu.

Mkwe wenu,
Barasa