Tangi la Juu ya Kitanda cha Mama Huang

Jumatatu, 25 Januari 1999

Nimepiga mswaki, nimepanga foleni ya choo, tone la kutu likaniangukia kisogoni. La tatu wiki hii, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Nikapanda darini.

Matangi mawili ya bati, kubwa na dogo, yamekaa sawasawa juu ya kitanda cha Mama Huang, mwenye nyumba wetu. Kubwa ni la mabafu. Dogo ni la joto: linajaza boila ya jikoni na rejeta za ukutani zinazopasha moto kila chumba. Marehemu mumewe alitoka kaskazini kwenye theluji, akavifunga vyote mwenyewe. Guangzhou yote sijaona nyumba nyingine yenye kitu hiki, na mimi Guangzhou naijua. Nimeligusa lile dogo. Kidole kimepita.

Jioni Mama Upendo wa Arusha, anayetuzidi wote Kichina, akatupa habari. Mtoto wa Mama Huang anakuja Jumapili kutoka Shenzhen. Akikuta nyumba ina baridi anamchukua mama yake, nyumba inafungwa. Mama hataki kuondoka. Na sisi wapangaji saba, wachuuzi watupu, nani atatupokea na marobota yetu?

Nikasema mimi ni fundi bomba. Nimesema mbele ya watu wote.

Kweli yenyewe: Mwanza niliwahi kumshikia fundi tochi. Siku mbili.

Jumanne, 26 Januari

Nimenunua matangi ya plastiki. Nimebishana bei mpaka muuzaji akashika kichwa. Hapo sina mpinzani, hata Dubai wananikumbuka.

Kumwaga maji ya zamani ni kazi ndogo. Nikafunga mpira wa maji kwenye rejeta, ncha nikaitupa dirishani. Sikuangalia chini. Chini ni varanda ya jirani, na mwezi huu kila jirani katundika soseji na nyama za kukausha za mwaka mpya wa Kichina. Maji ya rejeta ni meusi kama oili chafu.

Jirani kapanda ngazi na soseji mkononi kama fimbo. Sikuelewa neno hata moja na nimeelewa yote.

Mama Upendo kasimama mlangoni. "Shemeji, ulisema unafunga tangi. Kumbe unaunga mchuzi?"

Nimemnunulia jirani soseji nyingine. Zile zilizoloa, sasa zangu, nimezikaanga. Si mbaya, zina ladha ya msumari.

Jumatano, 27 Januari

Matangi ya zamani hayapiti kwenye tundu la dari. Nadhani yaliwekwa kwanza, paa likaja baadaye. Nimeyakata kwa msumeno wa chuma siku nzima. Mama Huang kaniletea chai mara nne. Kila kipande kikishuka anakifuta kwa kitambaa, anakipanga ukutani. Ni kazi ya mumewe. Nikaacha kupiga mluzi.

Alhamisi, 28 Januari

Mimi mtu wa akili. Nikajiuliza: kwa nini mama wa watu alale chini ya maji miaka yote? Matangi mapya nikayahamishia kwenye kibaraza cha ngazi, nje ya mlango wake. Sakafu ya zege, yanafikika bila kupanda popote. Nikaunga mabomba, nikawasha boila. Chumba chetu cha chini kikapata moto kama Dodoma. Wapangaji wakanipigia makofi. Nikatoa hotuba fupi ya dakika ishirini.

Kisha nikapanda kwa Mama Huang kupokea sifa. Rejeta yake baridi kama pua ya mbwa. Kajikunja kitandani na makoti mawili na glavu, ananitabasamia.

Sisi tunatoka jasho, mwenye nyumba anaganda. Nimeona aibu. Sikula.

Ijumaa, 29 Januari

Nimekopa akili ya mafundi wa nyumbani: mpira mwangavu wenye maji wa kupimia usawa, ncha moja kwenye tangi dogo, nyingine kwenye rejeta ya mama. Maji hayadanganyi. Tangi liko sakafuni, rejeta iko ukutani juu yake. Maji hayawezi kujipandisha yenyewe. Ndiyo maana marehemu aliliweka darini. Marehemu hakuwa mjinga, mjinga nipo hapa naandika.

Darini siwezi kurudi, mbao za chini ya matangi zimeoza. Dawa ni kuliinua tangi palepale kibarazani, urefu wa mtoto wa miaka minane. Nikalipandisha juu ya meza. Miguu ya meza ikatanuka kama ya ndama mchanga. Wauza mbao wamefunga, wameanza kwenda kwao sikukuu.

Jumamosi, 30 Januari

Marobota yangu matatu ya jinzi za soko la Shisanhang yalikuwa mlangoni tangu alfajiri. Kontena la kwenda nyumbani linafungwa saa sita mchana. Mashine imeyabana mpaka ukiyapiga teke unavunjika wewe.

Nimeyaangalia muda mrefu.

Kisha nikabeba la kwanza, kurudi juu. Mama Upendo akaniuliza kama nimerukwa na akili.

"Na wateja wako wa Mwanza?"

"Mwanza hakuna baridi."

Akashika upande wa pili wa robota.

Marobota matatu, moja juu ya jingine, nailoni juu, tangi juu ya nailoni. Nikafungua koki ya rejeta ya mama. Ikapiga mluzi, ikakohoa, ikatema maji. Ikaanza kupata moto kutoka chini, polepole. Gari la kontena limeondoka bila mimi. Najua.

Jumapili, 31 Januari

Mtoto kaja. Mtu mpole, viatu safi. Mama Huang alikuwa tayari kavaa koti, sanduku lake liko kwenye mlango wa barabarani.

Mtoto kashika rejeta za chini, kapanda, kashika ya mama yake. Kaacha mkono pale. Kibarazani kalitazama tangi juu ya jinzi, akaniuliza kwa Kiingereza ni ufundi wa wapi. Nikamwambia ni wa kwetu. Mtoto kavua koti. Wamekula pamoja, sauti za chini.

Jioni mtoto kaondoka peke yake.

Nikajitolea kulirudisha sanduku juu. Nikajipinda kama mbeba mizigo, nikalivuta, nusura nilirushe kichwani. Jepesi. Halikuwa na kitu ndani.

Mama Huang alikuwa ananitangulia kwenye ngazi. Hakugeuka.